Petroli Tupu

Sketi ya shule ilirudishwa saa tatu asubuhi, na aliyeirudisha hakukubali kuketi. Aliitandaza juu ya meza ya cherehani, akaonyesha kwa ukucha pale zipu ilipopinda, kisha pindo, refu upande huu na fupi upande ule. Fundi akaichukua na kuisogeza karibu na pua, utadhani anainusa. Siku hizi hapo ndipo macho yake yalipoanzia kuona.

"Niachie, dada, nitaifumua. Kesho utaikuta tayari."

"Kesho ndiyo shule inafunguliwa." Mteja akaikunja sketi yake. "Mimi nakuheshimu, Fundi, umenishonea tangu sijaolewa. Lakini tusidanganyane. Macho yamegoma."

"Basi nitilie uzi kabla hujaenda."

Mteja akachukua sindano, akapitisha uzi mara moja tu, akaiweka mkononi mwa Fundi taratibu, kama anayempa mgonjwa kikombe. Upole ule ndio uliomuuma. Angetukanwa, angejua la kujibu.

Nje, hatua sita kutoka dirishani, mume wa Fundi alikuwa amechuchumaa akipangusa spoki za pikipiki. Alisikia kila neno. Mteja alipopita na kumwamkia aliitikia vizuri, akahamia spoki nyingine. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji mpaka idara ilipowapunguza, na mtaa mzima bado ulimwita Bwana Mita, ingawa miaka kumi na moja sasa hakuwa amesoma chochote ila gazeti la jirani.

Pikipiki yenyewe ilimzidi umri mwanawe wa kwanza. Tangi jekundu, taa ya mviringo, ekzosi ndefu iliyosuguliwa hadi mtu angeweza kujitazama meno. Ilikuwa ya aina ile ya zamani inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili ndani ya tangi moja. Oili hiyo ndiyo inayolainisha injini, hakuna nyingine; ukiinyima, chuma kinasuguana na chuma na habari imekwisha. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: oili ni ya Baba. Wengine waliruhusiwa kwenda kununua petroli na kuimimina. Oili aliipima yeye, kwa kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi, akikiinua kwenye mwanga na kufumba jicho moja, kisha akaimwaga juu ya petroli na kuitikisa pikipiki kushoto na kulia. Mkewe aliiita pikipiki hiyo mke mwenzangu. Mwanzoni ulikuwa utani.

Daktari alikuwa amesema mambo mawili: ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wasicheleweshe. Alipotaja bei ya upasuaji Fundi alicheka, kama mtu aliyetajiwa bei ya jumba la ghorofa. Baadaye mchomeleaji wa mtaa wa pili akaipiga ile pikipiki picha, picha ikasafiri kwenye simu za watu, na mtu mmoja wa mbali anayekusanya pikipiki za zamani akapiga simu. Bei yake ingelipa macho yote mawili na kubakiza nauli. Sharti lilikuwa moja: injini iwe ile ile iliyotoka nayo kiwandani, tena iwe inawaka.

Bwana Mita alisema atafikiria. Akafikiria miezi minne.

Jioni ya siku ile ya sketi, mwana wao wa kwanza, ambaye alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria, alifika na mkate, akaukata, akawapa wazazi wake vipande vya katikati.

"Baba, yule mtu kanipigia tena. Anasema kuna nyingine kama hii ameiona."

"Mwongo. Nyingine iko wapi? Zote zilikatwakatwa zikawa mageti."

"Si ndiyo uiuze hii kabla nayo haijawa geti."

Fundi akacheka. Bwana Mita hakucheka.

"Wewe mashine yako inanong'ona," alimwambia mwanawe. "Unapita hata mbuzi hashtuki. Mimi nilikuwa nikitokea kule juu kwenye matangi ya maji, mtaa mzima unajua nani anakuja. Watu wanafungua mageti kabla sijafika. Tulikuwa wanne: daktari wa mifugo, mwalimu mkuu, karani wa posta na mimi. Jumapili tunakutana gereji, kila mtu anafungua plagi yake tunalinganisha. Ikiwa nyeusi, umezidisha oili, unachekwa. Ikiwa nyeupe, umeipunja, unachekwa zaidi. Yangu ilikuwa rangi ya kahawa ya maziwa kila Jumapili iliyokuja duniani. Halafu tunaziwasha zote kwa pamoja. Moshi wa buluu unapanda mpaka kwenye mabati, na ile harufu..." Akatafuta neno, hakulipata. "Ukiinusa ile harufu, una miaka ishirini na nane."

Hakuwa akidanganya. Miaka ile ilikuwa mizuri, na Fundi aliijua kuliko yeyote, maana aliipitia nyuma ya kiti kile kile, mikono yake kiunoni mwa mwanamume ambaye watu walimpungia kutoka milangoni. Wale watatu wa gereji wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Alielewa kabisa mumewe alikuwa anang'ang'ania nini. Lakini miaka mizuri haitoi mtoto wa jicho.

"Leo nimeshona zipu ikapinda kama mkia wa mbwa," alisema. "Naomba uniambie, Baba watoto. Nikishapofuka kabisa, utanipakia nyuma unizungushe?"

"Nani kasema utapofuka?"

"Daktari."

Bwana Mita akautazama mkate ulio mbele yake. Mtu akiulizwa swali la namna hiyo mbele ya mwanawe hana pa kutokea.

"Mwambie aje Jumamosi," alisema mwishowe, akatoka nje bila kula.

Jumamosi mnunuzi alikuwa afike saa sita mchana. Saa tatu na nusu Bwana Mita akasema tangi limekauka. Mwanawe akachukua dumu, akaenda kituo cha mafuta, akarudi na kumimina lita nne, akafunga kifuniko.

"Petroli tayari, Baba," akasema, kisha akawasha mashine yake kwenda kumngoja mgeni kituo cha mabasi. Kikombe cha oili hakukigusa. Tangu utotoni alikuwa amekatazwa kukigusa, mara moja hata kwa kofi, na alijua kwamba baba yake ataipima mwenyewe kama siku zote.

Ila siku ile haikuwa kama siku zote. Bwana Mita alikuwa ndani akipekua sanduku, akitafuta koti lake la kazi. Alilipata, akalivaa, likakataa kufunga tumboni, akaliacha wazi. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na hakutaka mtu ayaone. Akashika usukani bila kutazama kulia wala kushoto.

"Mama watoto, twende mpaka kwenye matangi turudi. Mara ya mwisho. Kama zamani."

"Mimi hata barabara siioni."

"Kwani unaendesha wewe?"

Fundi akajifunga kitambaa kichwani, akapapasa kiti, akakaa upande kama alivyokuwa akikaa. Mumewe akapiga kiki mara tatu, injini ikaitikia. Mabaki ya oili ya jana yakatoa moshi kidogo, mchomeleaji akainua mkono, wanawake wawili bombani wakageuka kutazama. Fundi akaweka mikono pale pale kiunoni, na, tuseme ukweli, alifurahi. Alifurahi hata akasahau kwamba walikuwa wanaaga.

Walipoanza kupanda mlima ndipo alipohisi kitu kimepungua.

"Mbona leo hainuki?"

"Nini?"

"Moshi wake. Siisikii harufu kabisa."

Bwana Mita akageuza shingo. Nyuma yao hewa ilikuwa safi kama nyuma ya pikipiki ya mtu mwingine. Papo hapo akakiona akilini kikombe cha dawa, kimefunikwa dirishani, kikavu. Na papo hapo akaisikia injini. Sauti ilikuwa imepanda na kuwa nyembamba, kama ya mtu anayezungumza huku pumzi imemwishia. Yeyote aliyewahi kuendesha pikipiki za aina ile anaijua sauti hiyo na anajua dawa yake: shika klachi, funga moto, shuka. Vidole viwili tu. Wangeikokota kuteremka, angetia oili tangini, na saa sita mnunuzi angeikuta inawaka kama kawaida.

"Ni upepo," alisema. Akaongeza moto.

Tumsemee, kwa sababu yeye hakujisemea. Hakupanga. Alipoamka hakuwa na nia hiyo. Lakini katika mwendo wa nguzo tatu za umeme alimwona mtu asiyemjua amekaa juu ya kiti kile, anawapigia wageni kiki sebuleni, anawaeleza habari za moshi wa buluu kana kwamba aliupumua yeye. Na wazo kwamba haitamwakia mtu mwingine likawa tamu kuliko alivyotarajia. Macho ya mkewe aliyakumbuka. Aliyakumbuka vizuri, akayaweka kando, kama mtu anavyoweka kando barua ya serikali akijua lazima ataifungua.

Kwenye nguzo ya tatu gurudumu la nyuma likakwama ghafla. Mpira ukalia juu ya lami, pikipiki ikayumba, naye akashika klachi baada ya mambo kuharibika, akawazuia wasianguke. Fundi akashuka ameshika bega lake.

"Imekuwaje?"

"Injini imekamata."

Akaikokota mpaka nyumbani. Mkewe alifuata nyuma ameshika kiti kwa mkono mmoja ili asipotee njia.

Mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Alivaa viatu vizuri lakini alipiga magoti kwenye vumbi bila kuvionea huruma. Akasukuma kiki kwa mkono, haikusogea. Akafungua tangi, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Hii ni petroli tupu," alisema.

Akafungua ekzosi, akamulika ndani kwa simu. Majirani walikuwa wamejaa ukutani. Alipoinuka alizungumza na Bwana Mita kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani.

"Pistoni imejibandika kwenye silinda, mzee. Ukuta wote umechanika. Na spea zake hazitengenezwi tena popote, wewe unajua kunishinda. Ningeichukua na kutu yake, ningeichukua hata bila taa. Bila injini yake, siwezi." Akafuta mikono. "Nani alitia mafuta?"

"Mimi," alisema mwana.

Shingo zote zikamgeukia. Alifungua mdomo aendelee, aseme kwamba oili si kazi yake, kwamba kila mtu katika nyumba hii anajua, kisha akamtazama baba yake na kungoja. Mtoto hambishii baba yake mbele ya watu. Ilikuwa zamu ya baba.

Bwana Mita akakohoa. "Ndiyo vijana wa siku hizi," alisema.

"Dereva mzima," mchomeleaji akadakia kutoka ukutani. "Unaendesha abiria na hujui kuchanganya oili? Au ulidhani ni maji ya kunywa?" Watu wakacheka, na kijana akainamisha kichwa.

Mnunuzi alipokuwa anaondoka alimwekea Fundi noti moja mkononi, ya chai, akasema pole, mama. Fundi hakuweza kuona ni noti gani. Akazipapasa pembe zake kwa dole gumba, mbele ya mtaa mzima, mpaka jirani mmoja akamtajia kwa sauti, ili wote wasikie.

Kabla ya Jumatano jina lilikuwa limekwisha kushika. Kituoni wenzake walimwita Petroli Tupu. Abiria nao wakajifunza: nipeleke sokoni, Petroli Tupu. Aliitikia, kwa kuwa abiria ni abiria. Nyumbani hakuzungumza sana. Ijumaa alikuja mchana, saa ambayo dereva mwenye akili yuko barabarani, akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya cherehani.

"Mama, nimepata mtu wa kununua mashine yangu. Anaichukua kesho kutwa."

"Utaendesha nini?"

"Nitaendesha ya tajiri mmoja. Kila jioni nampelekea hesabu yake, kinachobaki changu. Fedha za hii zinatosha jicho moja. La pili tutaona."

"Hiyo umeilipia miaka mitatu."

"Mimi ndiye niliyeharibu, Mama. Siwezi kukuangalia unapapasa noti."

Bwana Mita alikuwa mlangoni. Pikipiki yake ilisimama nyuma yake uani, imepanguswa vizuri, kwa sababu siku zote tano aliendelea kuipangusa. Fundi akaacha kazi, akageuza uso upande ule aliojua kwamba mumewe amesimama. Alikuwa amemngoja tangu Jumamosi. Alimngoja wakati wa kula, akamngoja wakati wa kulala, akampa siku moja, akaongeza nyingine, kama anavyofanya mtu asiyetaka kuamini.

"Baba watoto, huna la kumwambia mwanao?"

"Nimwambie nini? Kaamua kiume."

"Basi nitamwambia mimi." Sauti yake haikupanda. "Mwanangu, kule mlimani nilimuuliza baba yako mbona hainuki. Akaniambia ni upepo. Mimi nimekaa nyuma ya kile kiti miaka ishirini na tano. Ikishiba naijua, ikikabwa naijua. Niliisikia inakufa. Nikangoja ashike klachi, kwa sababu nilijua na yeye ameisikia. Hakushika. Aliongeza moto."

Kijana akageuka polepole. "Baba?"

"Oili wewe hukutia."

"Oili ni yako. Tangu nizaliwe oili ni yako. Nakuuliza moto. Uliongeza?"

Bwana Mita akatazama uani, akatazama viatu vyake. Alipozungumza ilikuwa kama analalamika kwa mtu mwingine ambaye hayupo.

"Ningempaje yule mtu? Nyie mngeweza? Ilikuwa imebaki hiyo tu."

Fundi alishusha mikono kwenye mapaja, akahisi hasira inamjaa, na ndani ya hasira ile, jambo baya zaidi, huruma. Akaichukia ile huruma. Mwana akasimama, akachukua funguo zake mezani.

"Kesho kutwa anakuja kuichukua," alimwambia mama yake.

"Lakini sasa umejua si wewe."

"Nimejua, Mama. Lakini macho bado hayajalipiwa."

Akaenda kuwahi abiria wa saa tisa. Kituoni hakumweleza mtu yeyote. Mtu hamwaniki baba yake barabarani, na jina la Petroli Tupu likaendelea kuwa lake.

Bandeji ilitolewa asubuhi baada ya upasuaji wa jicho moja, katika chumba chenye mapazia ya kijani na viti vya plastiki. Mwana hakuwepo; saa ile alikuwa akiitafuta hesabu ya tajiri. Bwana Mita ndiye aliyemsindikiza, amebeba mfuko wa nguo na kitambulisho. Muuguzi akamwambia Fundi afumbue taratibu.

Alifumbua. Akaona pazia, akaona mikunjo ya pazia, akaona hata uzi uliokatika kwenye pindo lake. Machozi yakamtoka jicho lile, muuguzi akamkataza asilifute. Kisha akageuka akamwona mumewe. Alikuwa amezeeka. Kwa miaka miwili alikuwa kivuli chenye sauti, na sasa alikuwa na mvi za kuhesabika, shingo iliyolegea, na uso wa mtu anayesubiri kuambiwa kitu.

"Sasa dawa," alisema muuguzi, akatoa kichupa kidogo. "Tone moja, mara nne kwa siku, mwezi mzima. Usipotia, au ukatia ovyo, jicho linaweza kuharibika, na operesheni yote ikawa kazi bure. Nani atakuwa anamtia?"

Bwana Mita akaweka mfuko chini, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Mimi. Mimi nina mkono mzuri."

"Mpe mwanangu," alisema Fundi.

"Mwanao yuko wapi, mama?"

"Kazini."

"Atakuwa kazini mchana wote. Na mzee yuko nyumbani."

"Najua yuko."

Muuguzi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikuwa na wagonjwa kumi na wawili nje.

"Basi nifundishe nijitie mwenyewe," Fundi akasema.

"Ni vigumu, mama. Mikono inatetemeka, utamwaga nusu ya chupa."

"Nitamwaga."

Kichupa kikapita juu ya kile kiganja kilichokuwa bado kimenyooshwa, kikaingia mkononi mwa Fundi. Akainua kichwa, akavuta kope la chini kama alivyoonyeshwa. Tone la kwanza likaanguka shavuni. La pili likaangukia pua.

"Nikusaidie?" Bwana Mita akauliza.

La tatu likaingia, Fundi akafumba jicho na kumuuliza muuguzi kama anaweza kwenda nyumbani.